Wekundu wa Noti ya Mia

Juzi nilipanda hadi benki kule Upper Hill kuchukua pensheni yangu, na yule binti wa dirishani, nadhani kwa kuuonea huruma uzee wangu, akanitafutia noti mpya kabisa, zile ambazo bado zimegandana. Nikazipeleka puani. Najua si adabu, na mlinzi wa mlangoni alinikazia macho, lakini noti mpya zina harufu ambayo siwezi kuipita hivi hivi. Ni mafuta mazito, kitu kilichoungua kwa mbali, na ukali kidogo unaokwaruza koo. Ni harufu ya mikono ya baba yangu. Nilikaa kwenye benchi lao kidogo, kisha nikatoka bila kuaga.

Habari hii sijapata kumsimulia mtu nikaimaliza. Mdogo wangu Wafula, ambaye inamhusu kuliko watu wote, anaijua nusu. Nyinyi nitawapa yote, kwa sababu hamnijui, na kesho hatutakutana bombani.

Tulikaa Parklands katika miaka ya hamsini, lakini msifikirie zile nyumba zenye baraza pana na maua mbele. Sisi tulikuwa nyuma ya nyumba, katika chumba kimoja cha mabati kilichotazama kichochoro ambacho gari la taka lilipitia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mhindi mmoja mwenye kiwanda cha uchapaji mjini. Mama alikuwa dobi wake, na Baba alifanya kazi kiwandani kwake. Tulikuwa Wabukusu wa Bungoma, na Baba aliipenda kazi yake kwa namna iliyomkera Mama, kwa maana kazi yenyewe ilikuwa kuosha mashine. Kila walipobadilisha rangi, yeye ndiye aliyesugua wino wa zamani kwa matambara na mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa. Kwa hiyo mikono yake ilitupa habari za mjini. Wiki ya vitabu vya risiti alirudi na kucha nyeusi. Msimu wa kadi za harusi za Wahindi alirudi mwekundu mpaka vifundoni, na Mama alimkataza kugusa unga.

Ilikuwa Hali ya Hatari, na serikali ya Wazungu iliwashuku Wakikuyu wote. Wakikuyu wa kichochoro chetu walikuwa wamepakiwa kwenye malori asubuhi moja, wake kwa waume, na vyumba vyao vikabaki na kufuli. Aliyesalia ni Mzee Waweru, mtunza bustani wa nyumba ya pili, kwa sababu mwajiri wake alimwombea ruhusa. Kipande chake, ile hati ambayo kila Mwafrika alitembea nayo, kilisema asitoke Parklands. Basi Mzee Waweru alipogoa ua ule ule wiki nenda wiki rudi, na akiniona napita alinirushia pera juu ya ua bila kusema neno.

Jumapili moja alasiri Mama alikuwa akipiga pasi kanzu za watu, na Baba alikuwa ametoa noti ya shilingi tano mfukoni, ile ya rangi ya kahawia. Mimi nilikuwa na miaka minane na maswali mengi kuliko nywele. Sare yangu ya shule ilikuwa imechujuka hadi ikawa haina jina la rangi, kwa hiyo nikamuuliza Baba kwa nini mvua haichujui pesa. Badala ya kunijibu akachukua noti na kuitumbukiza kwenye beseni la maji.

"Baba Nafula, umerogwa?" Mama akaruka na pasi mkononi.

Baba akaisugua ile noti kwa vidole, akaikamua, akaiinua. Maji yalibaki meupe. Mama akamnyang'anya, akaitandaza kwenye kanzu ya mtu, akaipiga pasi taratibu huku akinung'unika, na chumba kizima kikajaa ile harufu. Sisi watatu tulicheka sana. Sikumbuki siku nyingine tuliyocheka pamoja namna hiyo.

"Kila rangi ina mama yake," Baba akaniambia. Ndivyo alivyozoea kusema. Akanieleza alivyofundishwa na fundi mkuu wa kiwanda, Mgoa mmoja mzee aliyejua wino kuliko alivyowajua wanawe. Noti hazikuchapwa Nairobi, zilikuja na meli kutoka Uingereza, lakini wino ni wino. Unasagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani, ndiyo maana maji hayauwezi. Kahawia hutoka kwenye udongo. Weusi ni masizi, na ule weusi mzito kabisa ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ndani ya pipa lililofunikwa. Na wekundu? Noti ya shilingi mia ilikuwa nyekundu, ingawa kwetu hakuna aliyewahi kuishika. Baba akainama karibu na sikio langu. Wekundu, alisema, ni vidudu. Kuna vidudu vidogo vinavyokaa juu ya mipungate, ile mimea minene ya miiba, katika nchi za mbali, watu huvipangusa kwa manyoya, huvianika, huvisaga, na ndani yake mnatoka rangi nyekundu kuliko kitu chochote.

Nimesoma baadaye kwamba vidudu hivyo vipo kweli na kwamba wachapaji wa zamani walivitumia. Kama noti ile yenyewe ilipakwa rangi yao, au ya dawa za viwandani, siwezi kuapa. Yule Mgoa alisimulia ufundi wa babu zake. Lakini Baba aliamini, na mimi niliamini.

Sasa niwapeleke bombani, kwa maana huko ndiko nilikoharibu.

Bomba lilikuwa moja kwa kichochoro kizima, na malkia wake alikuwa Mama Rasto, mke wa mpishi wa nyumba ya tatu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mkunga aliyefundishwa na nyanya yake, na yeye ndiye aliyeamua nani achote kabla ya nani. Watoto tulikuwa wa mwisho daima. Siku hizo mazungumzo ya bombani yalikuwa hayo kwa hayo: wazimamoto. Watu waliamini kwamba lile gari jekundu la mjini halikuzima moto wowote. Lilizunguka likitafuta watu, likiwachukua damu, na damu ikapelekwa Wazungu wanakojua wenyewe. Wengine waliwaita mumiani. Watu wazima, wapishi wenye kofia nyeupe, walitoka barabarani wakajificha nyuma ya miti likipita. Na kwa kweli watu walikuwa wakitoweka, hilo halikuwa la kubuni. Walitoweka kwa malori mchana kweupe mbele ya macho yetu.

Nikasimama pale na debe langu, nikasema kwa sauti kwamba mimi najua rangi ya pesa inatoka wapi.

Nilianza na mifupa, na mambo yakaenda vizuri. Wanawake walisogea karibu.

"Mifupa ya nini?" Mama Rasto akauliza.

"Ya ng'ombe."

"Na hiyo pesa nyekundu ya mia?"

"Ni wadudu," nikasema. "Wanasagwa."

Kicheko kilichopasuka pale bado nakisikia. Mama Rasto aliweka ndoo chini ili acheke vizuri. "Wadudu! Kumbe mimi ni tajiri," alisema, akijikuna chini ya kitambaa. "Hebu Mzungu akuje asage hizi chawa yangu!" Wakacheka upya. Hata watoto wenzangu walicheka, na kijana mmoja akaanza kunikuna kichwa akitafuta shilingi.

Nawaambia ukweli, aibu ile iliniunguza. Baba alikuwa amenipa kitu cha ajabu, na hao walikuwa wakikifanyia mzaha. Nikasubiri kicheko kipungue, nikasema kwa sauti ya chini, kama nilivyosikia wakubwa wanavyosema mambo mazito:

"Basi si wadudu. Ni damu. Baba alisema nisiwaambie."

Hakuna aliyecheka. Maji yalifurika kwenye ndoo ya mtu na hakuna aliyefunga bomba. Mama Rasto akalishika debe langu, akaliweka mbele ya foleni nzima na kulijaza yeye mwenyewe.

"Lisemwalo lipo," akawaambia wenzake, "na kama halipo, laja."

Nilirudi nyumbani na maji yangu kichwani nikiwa na furaha ambayo naiona haya mpaka leo. Tangu siku hiyo sikuwa wa mwisho tena bombani.

Mama alikuwa na mimba wakati huo. Mvua kubwa za masika zilipoanza, asubuhi moja baada ya watu kwenda kazini, alimwita Mama Rasto, na kabla ya saa nne mdogo wangu akawa amezaliwa. Alizaliwa katika mvua kama mimi, ndiyo maana ni Wafula na mimi ni Nafula. Alilia vizuri. Mama Rasto alimfuta, akamfunga, akanipa nimshike, na alikuwa akinitania kwamba sasa kiti changu kimechukuliwa, mara akamgeukia Mama. Damu ya Mama haikuwa ikikatika. Alijaribu kila alichofundishwa na nyanya yake. Alimkanda tumbo, akamweka mtoto titini, akamwita Mungu. Kisha akatoka mbio hadi mlango wa nyuma wa nyumba kubwa, na huko wakapiga simu kiwandani.

Mwenye nyumba alikuja na gari lake, na Baba kando yake. Alitandika magunia kwenye kiti kwanza, ili kisichafuke. Mama alibebwa na Baba. Aliponipita alinyoosha kidole akagusa shuka ya mtoto, akaiweka sawa, na gari likaondoka.

Baba alirudi saa saba, kwa miguu, amelowa. Wanaume wa kichochoro walikuwa wamemaliza kuwapa mabwana zao chakula cha mchana na walikuwa wamejikinga mvua chini ya mabati karibu na bomba. Baba hakukaa. Aliwaambia kwamba Mama anahitaji damu. Chupa iliyokuwepo hospitalini alikwisha kuwekewa, na ya Baba mwenyewe walikuwa wameipima wakasema haikubaliani na yake. Daktari alisema alete ndugu au marafiki, watu wawili wenye afya, na walete upesi.

Hawa walikuwa watu waliokula kwetu. Baba Rasto, yule mpishi, alikuwa rafiki wa Baba tangu wakiwa vijana Bungoma. Yeye ndiye aliyejibu, na alijibu akitazama chini.

"Ndugu yangu, omba kitu ingine. Chukua kuku zote. Chukua koti hii. Lakini damu hapana."

"Kwani damu inaenda wapi?" Baba akauliza. Hakuwa na hasira, hakuelewa tu. "Inaenda kwa bibi yangu. Mtaona na macho yenu."

"Inaanza kwa bibi yako," mwingine akasema. "Halafu?"

"Wewe ndio unajua inaenda wapi," akasema Baba Rasto. "Wewe ni mtu ya wino."

Baba aliwatazama mmoja mmoja. Ndipo Mama Rasto, aliyekuwa ameketi mlangoni akimnyonyesha mdogo wangu pamoja na mtoto wake mwenyewe, akasema kwa sauti ya kuomba radhi:

"Baba Nafula, ni mtoto yako alituambia hapa hapa. Pesa nyekundu ni damu. Alisema ni wewe ulimwambia, na ukamkataza kusema."

Baba akageuka akanitazama.

Nilikuwa nimeshika debe tupu. Nililitazama lile debe, kutu yake, tundu lake moja lililozibwa kwa sabuni. Nilingoja apige. Ningefurahi kama angenipiga. Baba akawageukia tena.

"Ni kweli," akasema. "Ni mimi nilimwambia. Nilikuwa namdanganya. Nilikuwa natania mtoto tu, hakuna kitu kama hiyo."

"Mtu anatania na damu?" Baba Rasto akasema taratibu.

Na hapo ikawa imekwisha. Wangeweza kunisamehe mimi mtoto, lakini Baba alikuwa amekiri, na mtu aliyekiri atarudishaje maneno yake? Alipiga magoti kwenye matope. Baba yangu alipiga magoti mbele ya wapishi, na hakuna aliyesogea.

Aliyesogea alikuwa Mzee Waweru. Alikuja kutoka upande wa ua, akaegemeza jembe kwenye ukuta, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Twende," akasema. "Hii damu yangu askari wamemwaga sana, na bado iko."

Baba akanishika mkono, kwa sababu Mama alikuwa ameniulizia, na sisi watatu tukashuka kuelekea mjini katika mvua. Bado ilihitajika damu ya mtu wa pili, lakini mmoja ni bora kuliko hakuna. Baba alitembea haraka hata nikawa nakimbia. Mkono wake ulikuwa na mabaka mekundu ya wino, ulikuwa msimu wa harusi, na yaliingia kwenye kiganja changu kwa jasho na maji ya mvua bila kuchujuka.

Pale barabara inaposhuka kuvuka mto kulikuwa na kizuizi. Askari aliangalia kipande cha Baba, akakirudisha. Akaangalia cha Mzee Waweru.

"Hii inasema Parklands. Hapa ni Parklands?"

Baba akaeleza. Akasema hospitali, akasema mke, akasema damu. Askari akamwambia Mzee Waweru achuchumae kando ya barabara, mikono kichwani, na wengine waliokuwa wamechuchumaa pale. Baba alianza kueleza tena tangu mwanzo, na Mzee Waweru akamkatiza kutoka chini.

"Nendeni. Msimwache mama peke yake. Nitawafuata."

Tukaenda. Nani mwingine tungemwomba? Hata leo nashangaa kwamba haikutujia akilini, wala haikumjia mwenye nyumba, kwamba na yeye alikuwa na damu. Alikuwa ametuazima gari, tukamshukuru, basi.

Hospitali ilikuwa kule mlimani, na wodi ilinuka dawa ya kusugulia sakafu. Midomo ya Mama ilikuwa imepoteza rangi. Aliniuliza kama mtoto amefunikwa. Nikamwambia amefunikwa, yuko kwa Mama Rasto, ananyonya. Akasema vizuri. Akaniambia nisikae na nguo zilizolowa. Hayo ndiyo maneno yake, hakuna mengine, na nimeishi nayo kwa sababu ndiyo niliyopewa. Baba alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena kutazama barabara. Mara ya mwisho aliporudi muuguzi alikuwa amekwisha kumfunika Mama uso kwa shuka.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje, pengine ilikuwa saa kumi, tulipomwona Mzee Waweru akipanda mlima. Askari wa zamu nyingine walikuwa wamemwachia. Alikuwa na matope magotini na alikuwa akikimbia kwa namna wazee wanavyokimbia. Alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko. Alisimama mbele yetu akihema, ameunyoosha ule mkono, akatutazama nyuso, na hakuushusha. Nadhani hakujua aupeleke wapi. Baba akainuka, akamkunjulia shati lake taratibu mpaka kwenye kifundo, akafunga kifungo.

Baada ya mazishi mambo ya kichochoroni yalikuwa ya ajabu. Mama Rasto alimnyonyesha Wafula miezi mitatu, usiku na mchana, na mtoto akanenepa kwa maziwa ya mwanamke ambaye mumewe alikuwa amekataa kutoa damu. Simchukii. Nimejaribu, nikashindwa. Lakini mtoto wa mtu hakumkaribia Baba tena. Walimwita Mumiani, kwanza kwa kunong'ona, baadaye waziwazi, na jioni akirudi kazini na mikono yake ile mlango baada ya mlango ulifungwa. Aliisugua kwa mchanga, akaisugua kwa majivu. Mwishowe aliacha kiwanda, akapata kazi ya kukata nyasi kwa Mzungu mmoja kule Kileleshwa, nasi tukahamia huko. Hakugusa wino tena, na hakuwahi kunieleza tena kitu chochote kinavyotengenezwa.

Kwa miaka mingi nilidhani Baba hakujua. Nilidhani amesahau alichoniambia Jumapili ile, na kwamba aliamini kweli ni yeye aliyekosea maneno. Wazee wetu husema ulimi hauna mfupa, na mimi nilijificha nyuma ya ulimi wake. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe ndipo nilipoelewa alichofanya bombani. Katika nafasi ya kupumua mara moja alikuwa na mambo mawili ya kuokoa, mke na mtoto, na angeweza kusema, "Mtoto huyu ni mwongo, alibuni mwenyewe." Labda wangemwamini. Labda mmoja angekuja. Alichagua kusema mwongo ni yeye, akidhani kwamba hata hivyo itatosha. Haikutosha, na alibeba jambo hilo bila kunirudishia hata siku moja.

Aliugulia kwangu mwisho wa uzee wake. Mikono yake ilikuwa safi kwa miaka karibu arobaini. Alasiri moja nilikuwa nikimkata kucha, akaniita jina langu, akauliza swali moja tu.

"Nafula, wale wadudu. Kwa nini hukuwaambia ni wadudu?"

"Niliwaambia, Baba," nikasema. "Walinicheka."

Akafumba macho hata nikadhani amelala. Kisha akaufunika mkono wangu kwa wake.

"Ungewaacha wacheke," akasema.

Alilisema kwa upole, namna unavyomwonyesha mtoto jambo ambalo atalikumbuka safari nyingine. Nilikuwa na miaka arobaini na sita.